Neno Lisilo na Mkia

Jumatatu, 2 Machi

Mshauri amenipa daftari hili na kunitaka niandike kila siku. Sikumwambia kwamba tangu nimalize shule sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya kiuno. Amesema niandike ninachohisi mimi, si anachofanya binti yangu. Haya. Nahisi mgongo. Nimeinamia cherehani tangu asubuhi, sare thelathini na nne za shule zinasubiri kola, na mvua ya kwanza imeanza kugonga bati.

Binti yangu ana miaka kumi na minne. Tangu aanze kusema, jibu lake kwa kila jambo ni sitaki, basi baba yake akamwita Bibi Sitaki na jina likaganda. Zamani tulicheka. Tangu Januari hajaingia darasani. Anavaa sare, anafika getini, kengele ikilia anageuka. Viboko havikusaidia, zawadi hazikusaidia, na maombi ya bibi yake bado tunayasubiri.

Mume wangu ni fundi friji, anaamini kila kitu kilichoharibika kina waya uliokatika mahali. Ameweka tarehe: mvua zikiisha, mwisho wa Mei, kama mtoto hajarudi shule, anampeleka kwa dada yake. Wifi yangu huyo ni matroni wa shule ya bweni, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Kule kuna kengele ya kuamka, ya kuoga, ya kula na ya kulala. Mwanangu hatamaliza mwezi kule akiwa mzima. Nimeshasema nyumbani, sasa nimeandika na hapa.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kola kumi na moja.

Ijumaa, 6 Machi

Leo tulikwenda mimi na binti yangu. Mshauri ni dada wa miaka thelathini hivi, ofisi yake iko juu ya duka la miwani, ina viti vitatu na zulia lililochakaa katikati. Alikuwa amepanga karatasi zake vizuri mezani.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa hapa, funga macho, vuta pumzi taratibu."

"Sitaki."

"Sawa, macho usifunge. Vuta pumzi tu."

Mwanangu akabana pumzi. Alibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mimi nikasimama, mshauri naye akasimama, tukabaki tunatazamana kama watu waliopoteza funguo. Alipoiachia, alikwenda kukaa chini nyuma ya mlango, akatupa mgongo.

Niliujua mwendo uliobaki. Sasa huyu dada atavuta uso, ataniambia mama mtoto wako hana nidhamu, na tutashuka ngazi kimya. Badala yake alizikunja karatasi zake akazitupa kapuni. Akaketi zuliani, akaanza kusema peke yake huku akitazama dirisha.

"Tumbo langu limejikunja. Linaniambia kazi imenishinda. Nimelisikia. Naliacha lijikunje, silifukuzi. Na mimi nitaendelea kukaa hapa, kwa sababu napenda kukaa na watu."

Nikawaza, ndiyo elimu yote hiyo?

Sauti ikatoka nyuma ya mlango. "Langu halijikunji. Linafunga mlango."

Mshauri hakugeuka.

"Mtu akiniambia kunywa maji, kiu inaondoka. Hata nikijiambia mwenyewe. Nikitaka sana kitu, siwezi tena kukifanya."

Miaka kumi na minne nimeishi naye nyumba moja, na hilo sikuwahi kulisikia. Kwenye ngazi nililia, nikasingizia vumbi, siku ya mvua.

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimekwenda peke yangu. Nimeuliza maswali ya mzazi: ni ugonjwa, ni malezi, nimemfanyia nini.

"Mama, huyu si mkaidi," mshauri akasema. "Kutakiwa jambo, hata jambo analolipenda, kwake ni kama kukabwa koo. Ukizidi kukaza, anapigania pumzi. Wengine huwa nawapa mazoezi ya kufanya nyumbani. Yeye nikimpa zoezi, nimemkaba na mimi. Kwa hiyo simfundishi kukubali. Tunaanza na wewe."

"Mimi nikubali nini?"

"Kwamba yuko hivi. Na kwamba wewe unaogopa. Hofu usiikimbie, ila usimpe yeye aibebe."

"Na shule?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Umeona? Huo ndio mkia."

Akanieleza. Kila ninachomwambia mwanangu kina mkia nyuma. Nakupenda, sasa vaa viatu. Pole na kichwa, umeshakunywa dawa? Leo umependeza, ungekwenda hivyo shule. Mtoto haoni upendo, anaona mkia unaokuja. "Sema la moyoni mwako, ulisimamishe hapo hapo. Usiliwekee mkia."

Nimeliandika hapa kama alivyosema. Nikaitikia pia. Kuitikia hakunishindi, nimeitikia mengi maishani.

Jumamosi, 14 Machi

Asubuhi nikasema, "Mvua hii imenichosha," nikafunga mdomo. Ulimi ulikuwa unawasha. Akajibu, "Hata mimi." Nikafurahi mno, nikaongeza, "Basi vaa sweta." Akarudi chumbani, hakutoka mpaka jioni.

Alhamisi, 19 Machi

Nimegundua jambo! Niliacha shati mezani, matundu ya vifungo nimeyachora chaki tu, nikatoka kufuata uzi dukani. Mvua ikanishikilia huko. Niliporudi, matundu sita yameshonwa kwa mkono, mshono umebanana kuliko wangu. Yeye yuko dirishani, anatazama nje kana kwamba hajawahi kuona sindano.

Sikusema kitu. Nimeandika ili nisisahau: acha kazi wazi, ondoka, usitazame.

Jumanne, 24 Machi

Imefanya kazi tena. Kola mbili. Amenasa.

Ijumaa, 27 Machi

Leo niliacha kitabu chake cha hisabati juu ya kitambaa, kimefunguka, kama kimesahaulika. Nikaenda kuanua nguo ambazo wala hazikuwa zimekauka. Maswali manne ameyajibu! Amenasa. Mume wangu nilipomwonyesha alikaa kitako kitandani, akakishika kile kitabu kwa ncha za vidole, akasema, "Nilikwambia kuna waya mahali."

Jumapili, 5 Aprili

Nimejitia kitanzi mwenyewe. Mteja alikuja kuchukua gauni, akaliona shati, akauliza nani ameshona matundu mazuri namna hii. Nikashindwa kujizuia. "Binti yangu huyo." Mteja akapiga kofi la furaha: "Basi atanishonea na langu la sherehe! Eti binti, utanishonea?"

Sitaki akasimama, akachukua wembe, akayafumua yote, moja baada ya jingine, mbele ya mteja. Hakuwa na hasira. Kumbe sifa nazo zina mkia.

Jumatatu, 6 Aprili

Mshauri ameniuliza daftari linaendaje. Nimemwambia vizuri. Hajaomba kulisoma, na mimi sikumpa.

Jumatano, 15 Aprili

Siku kumi za amani. Jana alibeba nami mfuko wa sare mpaka shuleni, akaingia getini, akasimama barazani dakika nzima. Nilikuwa nahesabu moyoni. Kengele haikulia, kwa sababu nilikuwa nimemwomba mwalimu wake aicheleweshe.

Mpango wa Jumatatu: apeleke mfuko peke yake mpaka darasa lao. Mwalimu ataacha wazi dawati la karibu na mlango, hataliita jina lake. Yeye asijue chochote. Mvua zikiisha atakuwa ameshazoea, na wifi atabaki na kengele zake.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimemwua mwanangu. Najua yuko hai, namsikia akitembea chumbani. Lakini sijui neno jingine.

Nilitoka bafuni nikamkuta amekaa kwenye kiti changu cha cherehani na daftari hili mapajani. Nilikuwa nalificha chini ya vitambaa, mahali ambapo yeye ndiye huchukua vitambaa. Akili yangu ilikuwa wapi?

Hakupiga kelele. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto anayejifunza kusoma. "'Amenasa.' 'Imefanya kazi tena. Amenasa.' 'Yeye asijue chochote.'" Akainua uso. "Mama, mimi ni panya?"

"Mwanangu, haikuwa hivyo."

"Nilidhani umeacha."

"Nimeacha nini?"

"Kungoja. Nilidhani kweli umeniacha nipumue. Yale matundu nilishona kwa sababu nilidhani hakuna anayeyangoja." Akalifunga daftari. "Kumbe ulikuwa nje unahesabu."

Hapo ningesema nimekosea, na ningenyamaza. Badala yake nikapandwa na hasira za mtu aliyeshikwa na ngozi ya mbuzi wa wizi mkononi. Nikamwambia najitesa kwa ajili yake, mgongo umekwisha, baba yake hana usingizi, nifanye nini tena, nife? Akasema hakuniomba. Nikasema, na ninaandika ilivyotoka kwa sababu nastahili kuisoma: "Basi nenda kwa shangazi yako, nami nipumzike."

Akaliweka daftari juu ya cherehani, kwa heshima, akalinyoosha lisining'inie. Akaingia chumbani akafunga mlango. Mlango wenyewe wa mbao, na ule mwingine pia.

Jumapili, 19 Aprili

Hajala.

Jumatatu, 20 Aprili

Hajala mbele yetu. Chai imepungua birikani. Kwenye dawati la karibu na mlango hakukaa mtu.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimempelekea mshauri daftari lote alisome. Alisoma kurasa zote, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. Nilitaka anigombeze, angenipunguzia.

"Nilikwambia ukubali," akasema mwishoni. "Wewe ukakubali ili arudi shule."

"Wewe je, hukutaka arudi?"

"Nilitaka. Na daftari nilikupa kama kazi ya nyumbani, kila siku, kama vile wewe ni tofauti naye. Makosa haya tumeyafanya wawili, mama."

Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia: siku anazonikumbusha kuandika, mkono hukataa. Nakaa na kalamu na nachukia kila kitu hapa duniani. Nikiamua siandiki, ndipo naandika kurasa. Mshauri akanitazama. Na mimi nikajitazama, nikamkumbuka mama yangu akiniita punda wa kamba fupi, na mwalimu mmoja aliyenivunjia rula mgongoni. Mwanangu hakuanguka kutoka mbinguni. Mimi nilipigwa mpaka nikanyooka, na nilikuwa naita hiyo tabia njema.

"Kamwambie umekosea," mshauri akasema. "Bila mkia."

Nimesimama mlangoni kwake. Nimesema, "Nilikosea." Nikameza 'fungua', nikameza 'kula', nikameza 'nisamehe'. Nilisimama hapo mpaka adhana ya magharibi, na mlango haukufunguka.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua. Hasemi.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua. Hasemi. Nami naogopa kusema. Kila neno nikiligeuza naona mkia. Habari za asubuhi maana yake amka. Kuna uji maana yake kunywa. Nimeanza kupita nyumbani kwangu kama mwizi.

Mume wangu anasema nyumba imekuwa hospitali. Jana alikaa nje ya mlango wa binti yake akitengeneza feni ambayo haikuharibika. Nilidhani huyu mtu hana moyo, ana bisibisi tu. Sivyo. Anaogopa kama mimi, ila hofu yake ina tarehe.

Jumapili, 10 Mei

Leo ametoka. Nilikuwa nashona, akaja akakaa sakafuni kati ya cherehani na ukuta, magoti kifuani, sikio karibu na gurudumu. Kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne. Nilikanyaga cherehani bila kitambaa ndani, ili tu lisisimame. Sikusema neno.

Jumatano, 13 Mei

Amekaa tena. Sikusema.

Ijumaa, 15 Mei

Amekaa. Nilitaka kumwambia kwamba mlio wa cherehani ni mzuri zaidi akiwapo. Nikawaza, huenda atasikia 'kaa'. Sikusema.

Jumatano, 20 Mei

Amekaa asubuhi yote. Mara mbili aliinua uso kunitazama kama mtu anayesubiri. Nikainamia pindo. Nimejivunia.

Jumatatu, 25 Mei

Mvua zinapungua. Amekaa. Sikusema.

Alhamisi, 28 Mei

Jua kutwa. Wifi amepiga simu, anakuja Jumamosi.

Jumamosi, 30 Mei

Alifika saa nne asubuhi na gari la shule, baada ya kulala njiani. Wifi yangu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Alinikumbatia, akaniambia nimekonda, akanipokonya sufuria akaosha vyombo mwenyewe.

"Wifi, mimi si simba," akasema. "Nimelea watoto wa watu miaka ishirini. Nipe muhula mmoja tu."

Mume wangu alisimama karibu na friji, mkono juu ya mlango wake, kana kwamba ndiyo itakayomjibia. Sitaki alikuwa pale pale, sakafuni kando ya cherehani. Wifi akachutama akamtazama usoni.

"Mwanangu, shangazi sikulazimishi. Sema mwenyewe. Unakwenda, au unabaki?"

Mwanangu hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi.

Moyo wangu wote ulikuwa unasema baki. Nilikuwa nalo neno mdomoni, nalionja. Lakini nilimjua mwanangu sasa, nilijisifu kwamba namjua: nikisema baki, mlango utafunga, na hata kama anataka kubaki atashindwa. Nikauma uzi.

"Mama?" akasema. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile ya daftari.

Nikasema, bila kuinua uso kutoka kwenye pindo, "Uamue wewe mwenyewe."

Akasimama. "Nakwenda."

Mfuko wake ulijaa haraka mno. Nilimfuata mpaka kwenye gari, nimekunja mikono ili isimshike. Wifi alikuwa anazunguka kwenda mlango wa pili. Mwanangu akashusha kioo.

"Ulisema niende kwa shangazi ili upumzike," akasema. "Nikangoja useme kingine. Nimekaa pale chini wiki tatu nzima."

Nilifungua mdomo. Gari likaondoka, na mimi nikabaki barabarani na sindano kifuani mwa gauni.

Jumapili, 31 Mei

Jua.

Ijumaa, 5 Juni

Mshauri alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika uso kwa viganja.

"Mama, 'nataka ubaki' si amri. Ni habari zako wewe. Hilo ndilo neno lenyewe tulilokuwa tunalitafuta."

"Wewe uliniambia nisiweke mkia."

"Nilikwambia useme la moyoni, kwanza."

Nimerudi nyumbani nikafungua ukurasa wa tarehe tisa Machi. Ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu: sema la moyoni mwako. Mimi nilishika nusu ya pili. Nilikata mkia, nikaendelea na mkasi mpaka nikamaliza mnyama mzima.

Ijumaa, 12 Juni

Wifi amepiga simu mchana. Sauti yake si ile.

"Wifi, huyu mtoto hajala tangu Jumanne. Haoni, hasikii, amekaa ukingoni mwa kitanda. Nimemfokea, nimembembeleza, nimempigia magoti. Miaka ishirini sijawahi kuona." Akavuta kamasi. "Daktari amekuja, kasema akifika Jumapili hivi hivi watamlaza. Ongea naye. Nimemwekea simu sikioni."

Nilisikia pumzi. Naijua pumzi ile, nilikuwa naihesabu akiwa mchanga.

Nikasema, "Siku ile nilitaka ubaki. Nataka mpaka sasa."

Nikanyamaza. Nilikuwa na 'kula' nyuma ya meno, na 'jibu', na 'nisamehe', na 'uko sawa?' Nikayaacha yajikunje. Pumzi ikabadilika kidogo, kama mtu anayetaka kuanza kusema. Mume wangu alikuwa amesimama mbele yangu bila kupepesa macho.

Kengele ikalia kule, ile ya shule, ndefu, nikasikia miguu ya watoto mia. Simu ikaanguka kwenye kitu. Wifi akarudi hewani akisema, "Amegeukia ukutani."

Mume wangu akasema, "Alfajiri naondoka kwenda kumchukua."

"Ukimwambia twende, hatakuja."

"Basi nimwambie nini?"

Bisibisi ya hilo hakuwa nayo. Akakaa chini sakafuni, kati ya cherehani na ukuta, mtu mzima, akalia kwa sauti.

Tumekubaliana. Kesho tutakwenda wote. Tutakaa sakafuni karibu na kitanda chake, nitasema lile moja, baba yake atasema lake, kisha tutanyamaza, na kama hatanyanyuka tutaendelea kukaa. Nimempigia wifi kumwambia. Amesema tuje, tutafika kama saa kumi jioni, lakini wageni bwenini hupewa muda wa saa moja tu, na kengele ya kuwatoa si yeye anayeipiga.